Vitabu Visivyo Majalada

Wapenzi wa lugha, leo siji na uchambuzi wa bahari za ushairi wala mzozo wa asili ya neno, ingawa maneno mawili matatu nitayapitia njiani. Nimekuja na kisa cha duka. Nimekaa nacho zaidi ya miaka kumi bila kukiandika, kwa sababu kila nilipoanza kulilaumu duka lile, kalamu iligeuka ikanielekea mwenyewe.

Lilikuwa duka la vitabu, ndani ya jumba la maduka, katika kitongoji kimoja nje ya mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Jina lake nitalisitiri. Itoshe kusema lilikuwa tawi la mojawapo ya kampuni mbili kubwa ambazo, kwa muda wa kizazi kimoja, zilimfanya Mmarekani wa kawaida aamini kwamba palipo na duka la viatu na duka la peremende, hapana budi pana na duka la vitabu. Nilifanya kazi hapo tangu mwaka 1998 hadi 2001, kisha nikawa mteja wake mpaka lilipofungwa mwanzoni mwa 2010.

Nimesema tawi, na neno hili linastahili kutazamwa. Kampuni yenye maduka mengi ya sura moja, wenye Kiingereza huiita mnyororo. Sisi tunasema ina matawi. Wao wameona chuma, pete moja imeshikana na nyingine, zote za kipimo kimoja. Sisi tumeona mti. Mnyororo hauna mzizi, na mtu haketi kivulini pake. Nilipokuwa kazini sikuwahi kuipa tofauti hii uzito wowote. Siku hizi naona kwamba kisa chote kimo ndani yake.

Mti wenyewe uliota karibu sana na nilipokuwa nikiishi. Mwaka 1956, katika kitongoji cha Edina, pembeni mwa Minneapolis, lilifunguliwa Southdale, jumba la kwanza la maduka nchini Marekani kufunikwa lote juu, likawekewa joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto. Aliyelisanifu ni Victor Gruen, aliyetoka Vienna akiwakimbia Wanazi. Alitamani kuwapa watu wa vitongoji mahali pa kukutana, mfano wa viwanja vya miji ya kwao ambako mtu hunywa kahawa, husalimiana na kutembea kwa miguu. Baadaye aliyakana majumba yaliyojengwa kwa kufuata mfano wake, kwa kuwa biashara ilibaki na ule mkutano wa watu ukasahauliwa. Lakini mimi niliyetoka Tanga, niliyekutana na baridi ya Januari inayogandisha hata unyevu wa puani, namshukuru marehemu yule kwa paa lake.

Walioijenga Southdale ni akina Dayton, wenye duka kubwa la nguo na vyombo katikati ya mji. Miaka kumi baadaye, 1966, wao hao walifungua huko Edina duka la vitabu wakaliita B. Dalton. Ni jina la Bruce Dayton lililobadilishwa herufi moja tu. Mwenzake na mshindani wake, Waldenbooks, alikuwa ameshatangulia. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1933, wakati wa mdodoro mkuu wa uchumi, na wala haikuanza kama duka. Lawrence Hoyt alikodi pembe ndani ya duka kubwa huko Bridgeport, Connecticut, akawa anaazimisha vitabu kwa senti chache. Zilikuwa maktaba za kukodisha. Vitabu vya jalada jepesi vilipoenea kwa bei ya chini, haja ya kukodi ikafifia, na mwaka 1962 kampuni ikafungua duka lake la kwanza la kuuza vitabu, katika jumba la maduka huko Pittsburgh.

Hapa naomba tusimame kwenye neno maktaba. Sisi tumelipokea kutoka Kiarabu na kulifungia ndani ya jengo moja tu, lile la kuazima na kurudisha. Lakini nenda Muscat uone vibao barabarani: maktaba ni pale pa kuazima, na maktaba pia ni duka la kuuzia vitabu na madaftari. Mzizi ni uleule uliotupa kitabu, katibu na mkataba. Kiswahili kimemwachia mwuza vitabu jina la kuunganisha, duka la vitabu, sawa na duka la dawa au duka la mitumba. Sisemi tumekosea. Ninasema kwamba mahali nilipofanya kazi pangestahili jina lile la zamani, kwa sababu watu waliokuja kusoma bila kununua walikuwa wengi kuliko walionunua, na hakuna aliyewafukuza.

Kabla ya kampuni hizi mbili, duka la vitabu la Marekani lilikuwa kitu cha katikati ya mji mkubwa. Lilikuwa na mwuzaji anayemtazama mteja kuanzia viatuni, na mteja anayeogopa kulitamka vibaya jina la mwandishi. Watu wa vitongoji waliokota riwaya kwenye maduka ya dawa na vituo vya mabasi. Matawi haya mapya yalileta taa kali, mlango uliokuwa wazi kutwa bila hata kizingiti, na vitabu vilivyopangwa sura juu kama matunda sokoni. B. Dalton ilikuwa miongoni mwa wauzaji wa mwanzo kutumia kompyuta kujua kila kitabu kimeuzwa nakala ngapi, wapi na lini. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na maduka karibu 800. Ndipo wakubwa wa biashara walipoanza kuyanunua mashina: Waldenbooks ikachukuliwa na Kmart mwaka 1984, na B. Dalton ikachukuliwa na Barnes & Noble mwaka 1986.

Wasomi wengi waliyadharau maduka haya. Walisema yameufanya mti wa maarifa uzae tunda la aina moja, kwamba ukiingia tawi la Florida na tawi la Alaska utakuta meza ileile na vitabu vilevile. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, nami niliona waliokuwa wakiingia. Niliona fundi wa magari mwenye mafuta kuchani akiuliza kwa sauti ya chini kama tuna kitabu cha kumfundisha mtu mzima tahajia. Niliona mabinti wa Kisomali waliopitia kambi za Kenya wakisimama kwenye rafu za hadithi za mapenzi, wakichekeana kwa Kisomali na kunisalimu kwa Kiswahili, "Shikamoo mjomba," walipolitambua jina kwenye beji yangu. Watu hawa wasingeingia kwenye duka lenye mlango mzito na kengele.

Sasa nifike penye mwiba.

Kila baada ya muda ilikuja orodha kutoka makao makuu. Kompyuta ilikuwa imeshaamua ni vitabu vipi havikuuzwa vya kutosha. Vile vya jalada gumu tulivifunga kwenye maboksi tukavirudisha kwa wachapishaji, kwa maana biashara ya vitabu ya Marekani, tangu enzi ya mdodoro ule, humruhusu mwenye duka kurudisha asichouza na kurudishiwa fedha. Lakini vile vidogo vya jalada jepesi, vya kutia mfukoni, havikustahili nauli. Kwa hivyo mchapishaji aliridhika kupata ushahidi tu. Tulilichana jalada la mbele, tukafunga majalada kwa mipira kama noti za benki, tukayatuma hayo. Kitabu chenyewe, kurasa zote zikiwa kamili, kilitupwa kwenye pipa kubwa nyuma ya jumba. Hakikuruhusiwa kuuzwa wala kupewa mtu. Ndani ya vitabu vya namna hiyo mara nyingi huwamo onyo, kwamba ukikinunua bila jalada ujue kimeshahesabiwa kuwa kimeangamizwa.

Meneja wetu, mama mmoja mtu mzima ambaye kwetu nisingethubutu kumtaja kwa jina lakini huko kila mtu alimwita hivyo, alinionyesha namna ya kuchana. Kushoto unashika mgongo, kulia unavuta kwa mkupuo mmoja. Mkono wangu ulikataa.

Nilisoma shule ya msingi ambako kitabu kimoja cha Kiswahili kililazwa katikati ya dawati, watoto watatu tukakisoma, yule wa kati kwa raha na wale wa pembeni kwa shingo iliyopinda. Mwanzo wa mwaka kazi ya kwanza ilikuwa kukivalisha. Tulileta gazeti kuukuu, au kwa mwenye bahati karatasi ya kaki, tukalikunja juu ya jalada ili jalada lisichakae. Mwalimu alikagua majalada kabla ya kukagua kucha. Kitabu tulikipa nguo ya pili, na sasa nilikuwa nalipwa kwa saa kukivua ile ya kwanza.

Nilichana. Sitaki msomaji anifikirie kuwa shujaa. Wiki ya kwanza nilichana polepole, wiki ya nne nilichana huku nikizungumza habari za theluji. Mkono huzoea.

Ila jioni moja katika mwaka 1999, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba, nilikutana na kitabu chembamba cha hadithi za watoto. Kilikuwa na picha za wino mweusi: mbweha, daraja, bibi kizee na mzinga wa nyuki. Nilichana jalada, nikalitia kwenye fungu lake, na kitabu nikakitia ndani ya koti. Meneja alikuwa amesimama mlangoni pa stoo. Alinitazama, akalitazama koti, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba niangalie barabara, kuna barafu. Sijui hata leo kama ile ilikuwa ruhusa au huruma.

Nyumbani nilikivalisha karatasi ya kaki, iliyokatwa kwenye mfuko wa sokoni. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa jina nililojibunia: BIBI NA MBWEHA. Kisha nikakaa na penseli, usiku baada ya usiku, nikaandika tafsiri baina ya mistari. Sikuwa mfasiri. Kwenye neno la theluji niliandika theluji, nikafuta, nikaandika umande mzito, nikafuta tena. Mzinga wa nyuki ulinipa furaha kwa kuwa neno lilikuja lenyewe, na asali yake, na babu yangu wa Handeni aliyekuwa akiurina usiku.

Mtoto alizaliwa, akakua, nikamsomea. Alikipenda kitabu kile kuliko vyote. Kwa miaka minne alikijua kwa Kiswahili tu, naye alidhani mbweha wote duniani husema Kiswahili. Halafu akaenda shule. Jioni moja, ana umri wa miaka mitano, alikuwa ameanza kuzitambua herufi, akaweka kidole kwenye ukurasa, akafuata mstari uliochapwa huku mimi nikisoma ule wa penseli. Akasimama. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba amekuwa akidanganywa, "Baba, soma kama kilivyoandikwa."

Nami nikasoma kama kilivyoandikwa.

Ndugu zangu, nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi. Ningeweza kumwonyesha penseli. Ningeweza kumwambia, mwanangu, hiki nacho kimeandikwa, ni mkono wa baba yako. Nilikuwa nimechoka. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi ya dukani, nalea wazee usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na Kiingereza kilikuwa njia fupi. Kutoka siku hiyo mimi na yeye tulikwenda dukani kwangu kwa zamani kila Jumamosi, na kila Jumamosi nikamnunulia kitabu. Ukihesabu Jumamosi za miaka mitano au sita utakuta mamia. Hakuna hata kimoja cha Kiswahili.

Alipokuwa mkubwa aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba havikuwepo dukani. Ni kweli, havikuwepo. Rafu ya lugha ilikuwa na Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kijapani. Lakini nilifanya kazi nyuma ya kaunta ile kwa miaka mitatu, nikiwajazia watu fomu za kuagiziwa vitabu visivyokuwepo: huyu kitabu cha kufuga ndege, yule historia ya reli za Wisconsin. Kwa ajili ya lugha yangu sikujaza fomu hata moja. Kompyuta ya makao makuu ilihesabu kila kitabu kilichotakiwa. Kiswahili haikukihesabu, kwa kuwa mimi, mmoja wa wachache waliopaswa kukitaka, sikukitaka kwa maandishi.

Wakati huo mti ulikuwa umeshaanza kunyauka, na kukauka kwake kulianzia ndani. Watu hudhani intaneti ndiyo iliyoyaua maduka ya vitabu ya majumbani mwa maduka. Ilichangia, lakini shoka la kwanza lilishikwa na wenye mti. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Barnes & Noble walianza kujenga maduka makubwa mno, yenye viti, kahawa na majina ya vitabu zaidi ya 100,000, na hatimaye yakaenea kandokando ya barabara kuu. Borders, duka lililoanzishwa na ndugu wawili mjini Ann Arbor mwaka 1971, lilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1992 Kmart waliinunua Borders pia, na mwaka 1995 wakaiachia ijitegemee pamoja na Waldenbooks. Kwa hiyo duka kubwa na duka dogo walikuwa na mama mmoja, na mama akamnyonyesha mkubwa. Mkataba wa pango wa tawi dogo ulipokwisha, haukuhuishwa. Leo tawi hili, mwakani lile. Hakukuwa na msiba wa kutangazwa. Maduka ya watu binafsi nayo yalilia kwamba wakubwa hawa wanapewa na wachapishaji punguzo lisilo la haki; mwaka 1998 chama chao kiliwapeleka Barnes & Noble na Borders mahakamani, na kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2001.

Ndipo likaja la intaneti. Amazon ilianza kuuza vitabu mwaka 1995. Mwaka 2001 Borders walifanya jambo ambalo wazee wetu wangelisimulia kwa methali: waliikabidhi Amazon kazi yao ya kuuza vitabu kwa intaneti. Simba akaombwa alinde zizi. Mwaka 2007 kikaja kifaa cha Kindle cha kusomea bila karatasi. Februari 2011 Borders waliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, Julai ikaamuliwa maduka 399 yaliyobaki yafungwe, na kufikia Septemba mwaka huo yote yalikuwa yamefungwa. Wafanyakazi wapatao 10,700 walipoteza kazi. Waldenbooks ikaondoka pamoja na ndugu yake. B. Dalton ilikuwa imeshatangulia kaburini mwaka mmoja kabla.

Mimi nami nilikuwa na shoka langu dogo. Tangu mwaka 2004 hivi, nilianza kuingia dukani na kalamu. Mtoto akichagua chake, mimi nilipita rafuni, nikapenda kitabu, nikaandika jina lake kiganjani, na usiku nikakiagiza kwa intaneti kwa bei pungufu ya dola tatu au nne. Siku moja meneja, yuleyule mama, alinikuta nikiandika. Alijua. Mtu aliyeuza vitabu maisha yake yote hawezi kukosa kujua. Akafungua mtoto wa meza, akanipa kijikaratasi cha kumbukumbu, akasema kiganja kitachafuka. Ningependa angenitukana.

Tangazo la kufungwa liliwekwa baada ya Krismasi. Kwanza punguzo la asilimia 20, kisha 40, kisha 60. Watu ambao hatukuwaona kwa miaka walijaa. Mwanangu, ana umri wa miaka kumi, alishangaa kuona hata rafu zimebandikwa bei. Mwishoni vitabu vilivyobaki vilikuwa kalenda za mwaka uliopita na miongozo ya kompyuta zisizotengenezwa tena. Nilinunua rafu moja ya mbao, kipande cha urefu wangu, kwa bei ya chakula cha mchana. Meneja alinisaidia kuishika upande mmoja hadi kwenye gari, katika baridi, bila koti. Sikuwa na la kumwambia. Nilisema asante kwa Kiingereza, halafu, sijui kwa nini, nikasema na "shikamoo". Akauliza maana yake. Nikamwambia ni salamu ya kumpa aliyekutangulia. Akaitikia kwa kutikisa kichwa. Kwa kuwa hakujua kuitikia marahaba, ile shikamoo yangu mpaka leo haijapokelewa.

Kuna waliosema duka la vitabu lenye matawi limekufa kabisa. Haikuwa hivyo. Barnes & Noble iliyokuwa ikiyumba ilinunuliwa mwaka 2019, ikakabidhiwa James Daunt, Mwingereza aliyeanza na duka lake mwenyewe London na baadaye kuiongoza Waterstones. Aliacha kupokea fedha za wachapishaji za kununulia nafasi za mbele mezani, akawaruhusu wauzaji wa kila tawi wachague vitabu kwa kadiri ya watu wa mahali pao. Kampuni ikarudi kufungua maduka badala ya kuyafunga. Nikilitazama jambo hili kwa jicho la lugha yetu, naona kwamba walikuwa na mnyororo, wakaanza kujifunza kuwa na matawi. Tawi hushika shina, lakini hupata jua lake lenyewe.

Na sisi je? Huko Afrika Mashariki tumejenga majumba yetu ya maduka. Nairobi ilipata Sarit Centre tangu 1983, na Text Book Centre imo ndani yake. Lakini maduka mengi ya vitabu kwetu huishi kwa kitabu cha shule: mwezi wa Januari foleni, miezi mingine vumbi. Diwani husubiri hadi itahiniwe ndipo ipewe rafu. Sisi malenga hulalamika kwamba duka halituweki. Nami huuliza kwanza kwa sauti ya chini, kisha sasa kwa sauti ya juu: ni lini mara ya mwisho nilipoingia dukani, nikauliza diwani ya mwenzangu kwa jina, nikakosa, nikaomba iagizwe? Rafu haijui kusikiliza manung'uniko. Hujua kuhesabu walioomba.

Mwaka juzi mwanangu, sasa mtu mzima wa kupanga nyumba yake, alikuja kuchukua vitabu vyake vya utotoni kwenye ile rafu. Nyuma ya safu ya pili akakuta kijitabu chenye kaki iliyofifia. Akasoma jina kwa taabu, "Bi-bi na m-be-ha." Nikamwambia, mbweha. Akakifungua. Aliona mistari iliyochapwa, akaona na ile ya penseli iliyokaribia kufutika, na mahali nilipoandika theluji mara mbili na kufuta mara mbili. Aliuliza nani aliandika. Nikamwambia.

Akaketi sakafuni, akaniomba nimsomee. Nikamuuliza, nikusomee ipi? Akaweka kidole kwenye penseli, akasema kwa Kiswahili chake chenye mifupa mikavu, "Kama ulivyoandika."

Sikuweza kusoma zaidi ya ukurasa mmoja. Macho yangu yamezeeka, nayo penseli imefifia. Ukurasa wa pili alijaribu yeye. Alikosea ngeli, alikosea mkazo, sikumsahihisha. Kitabu hakukichukua. Alisema kikae palepale rafuni, na atakuja Jumamosi. Amekuja Jumamosi nyingi kiasi, si zote. Tumefika kwenye mzinga wa nyuki.

Nimalizie kwa beti mbili, nilizoziandika nyuma ya kile kijikaratasi cha meneja ambacho sikuwahi kukitupa. Malenga wenzangu, nipokeeni na mnijibu.

Mti ule ulizuka, katikati ya mjini,
Ndege wakakusanyika, kivulini matawini,
Nami nikapumzika, mimi mgeni wa pwani,
Leo umeshakauka, nauliza kulikoni?

Nilikula tunda lake, maji sikuumwagia,
Nililala chini yake, shinale sikupalia,
Nikasifu ndege wake, wangu sikumsikia,
Nisiseme kosa lake, langu nikalifukia.